Kioo Chini ya Pikapu

Mama Kipaza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema aliniona kwa macho yake mawili.

Anasema asubuhi ile, mume wangu na mama yake wakijiandaa kuondoka, nilisimama jikoni nimewapa watu mgongo. Nikatoa kikaratasi kifuani. Nikakikunjua polepole. Nikamimina unga ndani ya chupa ya chai, nikatikisa, nikafunga, nikajipangusa mikono kwenye gauni. Anasema hata paka wangu aliisogelea ile chai, akainusa, akaondoka zake.

Mimi sina paka.

Lakini hadithi yenye paka ni tamu kuliko isiyo na paka, na mtaani kwetu utamu wa maneno ndio ushahidi wake. Kikaratasi kilikuwepo, sikatai. Kilikuwa cha tangawizi. Mama mkwe wangu alikuwa anabanwa kifua wakati wa baridi, na ni yeye aliyenifundisha kutia tangawizi ya unga badala ya mbichi. Mbichi ilimwachia nyuzi kwenye meno, na yale machache yaliyobaki aliyatunza kama mboni ya jicho.

Kama ndiyo kwanza unakutana na mimi leo, nikusogeze karibu kwa maneno machache. Mama mkwe wangu alifia kwenye siti ya pikapu ya mwanawe, wakisubiri maji yapungue darajani. Mume wangu, aliyekuwa kwenye usukani, aliokotwa hana fahamu. Katikati yao ilikutwa chupa ya chai niliyoijaza mimi, imebaki nusu. Wiki iliyopita nilikuacha pale wifi yangu aliponitoa kwenye mstari wa wafiwa, watu wote wakiona, akaniambia nikasimame na majirani.

Nilikwenda kusimama na majirani. Mama Kipaza akanishika mkono akaniambia pole mwanangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kaburini.

Sasa nisikilize.

Baba yangu ni fundi wa magari. Watu wanamwita Fundi Magamba, kwa sababu akichomelea chuma mshono wake unalala gamba juu ya gamba, kama ubavu wa samaki. Hakuna mwingine mwenye mkono ule. Nionyeshe mishono ishirini, wa baba nitakutolea huku nasinzia.

Nilipomaliza shule ya msingi sikuendelea, nikabaki naye gerejini. Kazi yangu ilikuwa kioo.

Bomba la moshi hupita chini ya gari, limejibana na sakafu. Ukilichomelea, upande wa chini unauona. Upande wa juu, ule unaotazama miguu ya abiria, huuoni mpaka upate kioo. Basi nilikuwa nalala chali juu ya gunia, tochi mkono huu, kioo kidogo mkono huu, naye amechuchumaa pembeni. Ananiuliza neno moja tu.

"Imeshika?"

Nikisema imeshika, anasimama, kazi imekwisha. Nikisema bado, anarudi chini bila kunung'unika. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Duniani nimeitwa mjinga na wengi, lakini chini ya gari, kwa baba yangu, neno langu lilikuwa neno.

Alikuwa na desturi nyingine. Chuma chochote alichokitoa kwenye gari la mtu, hata kama ni takataka, alikitia kwenye gunia, akalifunga kwa waya, akamrudishia mwenyewe. Alisema mwenye gari lazima aone kilichotoka tumboni mwa gari lake, ndipo alale usingizi.

Nilipoolewa, kioo kilibaki kimening'inia kwenye msumari.

Pikapu ya mume wangu ni ya petroli, ya zamani, imepita mikononi mwa watu kama sufuria la kuazimana. Mwaka huu ikaanza kuchoka. Kwenye tambarare inakwenda, kwenye kilima inakataa. Anakanyaga mafuta mpaka mwisho, yenyewe inapiga miayo. Wateja wakaanza kuwapa wengine mizigo yao.

Madereva wenzake wakamwambia dawa ni moja, toa masega.

Kwa asiyejua, masega ni yale matundu matundu kama ya nyuki, yamo ndani ya kopo la chuma katikati ya bomba la moshi. Kazi yake ni kuupunguza moshi ukali kabla haujatoka nje. Gari likizeeka yanaziba, injini inakosa pumzi. Mafundi wengi wanalikata lile kopo, wanaunga bomba tupu, na ile njia ndogo inayorudisha moshi kwenye injini wanaiziba kwa kibati. Gari linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Mume wangu akaenda kwa baba. Baba akakataa, mbele ya wateja wake.

"Mimi sing'oi, mkwe wangu," alimwambia. "Yameziba, tafuta mengine. Moshi usiochujwa hauna adabu. Unaingia kwa mtu bila kupiga hodi."

Wateja wakacheka. Mume wangu akarudi nyumbani amenuna, chakula akakila kama anakihukumu. Nilimwambia avumilie, mzee ana misimamo yake. Akanijibu kwamba misimamo haipandi kilima.

Siku chache baadaye akaniambia baba amekubali kuliangalia gari. Akaliacha kule. Alipolifuata alirudi anaimba, na mume wangu si mtu wa kuimba. Alisema mzee amelisafisha koo. Kusafisha tu, hakuna kilichotolewa. Kilima kimekuwa tambarare.

Na kweli, sauti ya gari ilikuwa imenenepa. Niliisikia nikiwa jikoni. Nikafikiri ni usafi. Gunia hakurudi nalo, na mimi sikuuliza, kwa sababu kusafisha hakuna gunia.

Mama mkwe ndiye aliyefurahi zaidi. Alisema sasa mwanawe anaweza kumpeleka kumwona mdogo wake ng'ambo ya mto bila kumshusha asukume. Alisukuma mara moja tu, lakini aliisimulia kila wiki.

Wakaenda. Nikawajazia chupa.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Jana wifi yangu akanipigia simu, akasema kaka yake amepata nguvu ya kuongea na ananiita. Hakusema habari gani. Alisema njoo, akakata.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Anapozungumza na mimi anautazama mlango, kana kwamba ananionyesha njia. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba shingo ya chupa yangu ya chai inachungulia. Alikuwa anatembea nayo kila mahali.

Mume wangu alikuwa amekonda usoni. Aliponiona alifunga macho, na machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni. Sikujua kama analia kwa kuniona au kwa kunichukia. Nikasimama pale pale, mikono nikaikosea mahali pa kuiweka.

Daktari akaja. Akatuambia taratibu, kama mtu anayebeba kitu chenye moto, kwamba chai imepimwa na haina kitu ila tangawizi. Alisema damu ya marehemu na ya mume wangu ilikutwa na moshi. Moshi wa gari, ule usio na harufu ya kukushtua, ambao mtu anauvuta huku anadhani ana usingizi tu. Alisema mama alikuwa na kifua kibovu tangu zamani, ndiyo maana hakuweza kushindana nao. Akatupa pole, akatoka.

Nilisafishika. Kwa muda wa kumeza mate, ndugu zangu, nilisafishika kabisa. Nilimtazama wifi, na kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, siyo mlango.

Halafu akauliza, moshi huo ulipita wapi kuingia ndani?

Hapo ndipo mume wangu akasimulia, akikatika katika. Mvua ilikuwa kubwa, daraja limefunikwa. Mama alikuwa anatetemeka. Akaiacha injini iwake ili joto limfikie miguuni. Upande wake yeye aliacha dirisha wazi kidogo, apate kuyaona maji. Mama akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Akampa chai. Akamwambia alale kidogo, maji yakipungua atamwamsha.

"Dirisha lake nililipandisha mimi," alisema. "Kwa mkono wangu. Akaniambia, ahsante baba."

Mama alikuwa akimwita mwanawe hivyo tangu utotoni, baba.  Hata wifi alishusha mkoba sakafuni.

Nikamshika mguu juu ya shuka. Hakuuvuta. Nilidhani mabaya yamekwisha, nikaanza kuhesabu mambo ya nyumbani kichwani, uji wake, shuka zake, kile kiti cha mama nitakiweka wapi. Kumbe nilikuwa nimekalia kuti kavu.

Akafungua macho. Akasema bomba halitoboki lenyewe likaua mtu. Kuna mkono uliolichezea. Wiki zile kuna fundi wa barabarani aliyeunga bati la nyuma la pikapu, labda aligonga kitu, labda alikata kitu. Mwenye mkono huo akijulikana ni nani, asije kwake na pole.

"Aje hata kwa magoti, nitampita kama jiwe," alisema. "Kaniulia mama."

Kisha akanishika mkono. Tangu aanguke hakuwa amenishika mkono.

"Mlete mzee kesho," aliniambia. "Ndugu zangu wote watakuwepo nyumbani, na mimi nitakuwa nimeruhusiwa. Baba yako apite chini ya gari, aseme ni kutu au ni mkono wa mtu. Yeye hang'oi, kila mtu anajua. Atakachosema yeye nitakiamini."

Nikaitikia kwa kichwa.

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mgonjwa. Akasema nimwombee na msamaha kwa mzee, kuna siku alimtania vibaya. Nikamuuliza alimtania nini. Akasema siku ile aliyokataliwa alirudi gerejini peke yake, akamwambia mzee, gari hili lisipopanda kilima nitakurudishia vyote viwili, gari na binti. Alikuwa na hasira, akaigeuza kuwa mzaha. Mzee hakucheka. Siku chache baadaye akakubali kuliangalia gari.

Mkono wangu ukawa wa baridi ndani ya mkono wake. Akauliza kama nasikia baridi. Nikasema ndiyo.

Wifi alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Alirudia kuutazama mlango. Alisema fundi akikuta hakuna mkono wa mtu kwenye lile bomba, basi daktari naye ni binadamu, anaweza kukosea, na chupa bado anayo. Alisema nguo zangu ameshazikunja. Siyo kwa ubaya, alisema. Ni kwa kurahisisha.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Pikapu ilikuwa uani, imefunikwa turubai, na shemeji zangu walikuwa wametoa amri isiguswe mpaka kesho. Nikaizunguka mara moja, kama kuku anayelizunguka bakuli lisilo lake. Nikaingia ndani. Nikachukua kioo cha kunyolea cha mume wangu na tochi ya jikoni.

Nikalala chali kwenye udongo, nikajisukuma chini.

Sikuhitaji hata tochi kuona la kwanza. Pale penye kopo la masega palikuwa na bomba tupu, limenyooka kama mtu anayesema uongo bila kupepesa. Na pande zote mbili za bomba lile, mshono. Gamba juu ya gamba juu ya gamba.

Nikausoma mshono ule kwa kidole, kama ninyi mnavyosoma gazeti hili. Upande wa chini ulikuwa mzuri, mzuri wa kukuliza.

Nikapandisha kioo. Nikaelekeza tochi.

Upande wa juu magamba yalianza vizuri, halafu yakaacha njia. Yakatembea pembeni ya ufa, juu ya chuma kizima, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Ufa ulibaki wazi. Ungeweza kuingiza ukucha. Kingo zake zilikuwa nyeusi tii, na sakafu iliyo juu yake nyeusi tii. Na pale kwenye weusi palikuwa na tundu la kutu la siku nyingi, lile tulilolifunika kwa kipande cha mpira ili mama mkwe asilowe miguu.

Nikaweka kidole kwenye ufa. Kikarudi cheusi.

Mama Kipaza akaniuliza kutoka juu ya ukuta, mwanangu, unatafuta nini huko chini? Nikamjibu nimeangusha hereni. Akasema hajawahi kuniona na hereni. Nikamwambia ndiyo sababu nazitafuta.

Hata sasa sijui nilipata wapi utani ule. Nilikuwa nalia.

Nikaenda kwa baba.

Gereji yake imepakana na kinu cha kusaga nafaka. Kinu kikinguruma mnazungumza kwa mikono. Jana kilikuwa kimenyamaza. Nilisimama langoni, kwanza nikamtazama tu, maana kutazama ndiyo elimu niliyobaki nayo.

Spana zake, ambazo zamani zilikuwa zinalala ovyo kama watoto, zilikuwa zimepangwa juu ya meza kuanzia ndogo mpaka kubwa. Akazipitisha vidole moja moja mpaka akafika kwenye aliyoitaka. Akaiweka. Akachukua birika, akatumbukiza kidole ndani ya kikombe, akamimina chai mpaka ikamgusa kidole, akaacha.

Nikaelewa. Si kidogo kidogo. Kwa mara moja, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Miaka yote ile ya moto wa kuchomelea, na miwani aliyokuwa akiivua akidai inamchelewesha. Tangu niolewe nilikuwa naenda kumsalimia, anakaa kwenye kiti chake, ananicheka nilivyonenepa. Sasa najua alikuwa anasikia hatua zangu tu. Hakuwa ananiona.

"Hizo hatua ni za mwanangu," alisema. "Ingia, mama. Unasimama langoni kama mdai."

Nikaingia. Akanipa pole tena ya msiba. Akasema yale maneno ya chai yamemfikia na hajayala, mtoto aliyemlea yeye hawezi kumtilia mtu sumu, labda chumvi nyingi. Nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke.

Nikamwambia daktari amesema si chai. Ni moshi wa gari.

Alikuwa anakirudisha kikombe mezani. Alikiweka hewani, kando kidogo ya meza. Kikaanguka.

Hakuinama kukiokota. Hata mimi sikuinama. Tukaisikiliza chai ikinywewa na udongo.

"Gunia liko chini ya meza," alisema.

Nikalivuta. Lilikuwa limefungwa kwa waya, mizunguko mitatu na mkia umekunjwa ndani, vile anavyofunga yeye. Sikulifungua. Nililipapasa tu, nikalisikia lile kopo.

"Nimeshindwa kumpa, nimeshindwa kulitupa," alisema. "Kila asubuhi naligonga kwa mguu."

Nikamuuliza kwa nini, Baba. Wewe uliyesema hung'oi.

Akasema mume wangu alikuja na neno la kunirudisha. Akaniuliza kama namkumbuka shangazi yangu, dada yake. Namkumbuka. Alirudishwa kwao na mumewe angali kijana, akaishi uani kwetu mpaka alipokufa, akipisha kila anayepita, hata sisi watoto. Baba alisema alikaa siku nzima na gari lile, akiliona kopo lile ni dogo kuliko maisha yangu. Akalikata. Akaziba na kule mbele kwa kibati. Akamwambia mkwewe amesafisha, maana alikuwa ameshajiapiza mbele ya watu, na uso wa mtu mzima ukishaanguka hauokotwi.

"Sikutaka ulie," alisema.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tuliiandika ubaoni shuleni, mwalimu akatuuliza maana yake, nikanyoosha mkono nikajibu haraka haraka, nikapigiwa makofi. Sikuwa najua chochote.

Neno lilinifika ulimini. Nilitaka kumwambia, ilikuwa utani, Baba. Mwanaume yule alikuwa na hasira tu. Hakuwa ananirudisha popote. Nikalimeza. Ukimwambia mtu amejichoma kisu kwa ajili ya utani, unamwongezea kisu cha pili.

Nikamwambia badala yake kwamba anaitwa kesho. Ndugu wote watakuwepo. Mume wangu amesema atamwamini.

Akanyoosha mgongo, nikamwona baba yangu wa zamani anarudi ndani ya shati lile.

Alisema atakuja. Atasimama mbele yao aseme kwamba masega aliyatoa yeye, kwa mikono yake, na kwamba alisema uongo. Hilo atalibeba, wamfanye watakavyo. Gunia atalibeba pia, alirudishe kwa mwenyewe, alichelewa tu.

"Lakini mshono wangu haukumuua mtu," alisema. "Hilo nitaapa. Niliziba mdomo wa bomba kwa tambara injini ikiwaka, nikasikiliza kote kama kuna panapovuja, sikusikia kitu. Kinu kilikuwa kinasaga, ndiyo, lakini nilisikiliza. Watakuwa wamelitoboa wenyewe huko mbele, kwenye mashimo. Nitawaambia walete kioo. Waangalie juu na chini."

Nikaona kesho yote, kama iko mezani. Shemeji mmoja analala chali na kioo. Baba amesimama pembeni, mkono kifuani, ameshaapa. Mume wangu kwenye kiti, akisubiri neno la mtu anayemwamini. Na shemeji anatoka chini ya gari, anajipangusa.

Nikijua na nikinyamaza, nimempeleka huko mwenyewe. Nikisema, mimi ndiye ninayemwambia baba yangu, hapa, kwa mdomo huu, kwamba mkono wake umeua. Na kwamba ulikosea njia kwa sababu haoni, na haoni kwa sababu alinilea kwa kuchomelea.

Akanyoosha mkono wake kunitafuta. Nikampa wangu, kama kawaida, bila kufikiri.

Akakishika kidole changu. Akakisugua kwa dole gumba lake. Akasita. Akakiinua mpaka puani, akanusa.

"Haya ni masizi ya bomba," alisema.

Nikajaribu kukivuta kidole.

"Umepita chini."

Kinu kikawashwa, kikakohoa, kikazimika. Alisubiri kinyamaze kabisa. Hakuniachia mkono. Aligeuza kichwa pembeni kidogo, sikio lake likiwa upande wangu, jinsi alivyokuwa akikigeuza zamani alipochuchumaa kando ya gari na mimi nikiwa chini, naye ananingoja niseme ili asimame.

"Imeshika, mama?"

Chai ilikuwa imeshaisha kunywewa na udongo. Niliyatazama macho yake, yakanipita, yakatazama ukuta.

"Mama," alisema tena, yeye ambaye hakuwahi kuniuliza mara mbili. "Niambie. Imeshika?"